Mlima meza au mgongo wa mlima: uende wapi California maua yakichanua?

Wikendi ni moja, picha ni tatu. Zote zina njano ya kuumiza macho na zambarau pembeni, zote zimepigwa California kati ya Machi na Aprili, na kila rafiki anaapa kwamba kwake ndiko. Mmoja anakuvuta North Table Mountain, juu ya mji wa Oroville upande wa kaskazini. Wa pili anasema Carrizo Plain, bonde kame lililobanwa na safu mbili za milima katika wilaya ya San Luis Obispo. Wa tatu ana watoto wawili, naye anakwambia usijisumbue, nenda Santa Rosa Plateau karibu na Murrieta.

Nimetembea kote kutatu, na kosa langu la mwanzo lilikuwa kuchagua kwa picha. Picha inaonesha kilicho mbele ya macho, haioneshi kilicho chini ya kiatu. Siku hizi naanza na ardhi: nitakanyaga nini, kwa saa ngapi, na je, nitaweza kukanyaga bila kuponda kile nilichokuja kukiona? Maua nayaweka nafasi ya pili.

Neno moja kabla hatujaendelea. Utakutana na neno *mesa* kwenye kila ramani ya huko. Ni Kihispania, na ni lile lile ambalo sisi tulilipata kwa Wareno tukaliita meza. Kwa hiyo mlima wenye kilele bapa nitauita mlima meza, na ile mistari mirefu ya juu ya safu za milima, ambapo maji ya mvua hugawanyika upande huu na ule, nitaiita migongo.

Nitapima kwa mambo matano: ardhi yenyewe; maua na wakati wake; uhuru wa kuacha njia; jua, maji na vinavyouma; na mwisho kufika, kulala na kulipa. Hayana uzito sawa. Mawili au matatu ndiyo yanayoamua, mengine ni ya kujua tu usije ukashtukia.

Ardhi unayokanyaga

North Table Mountain ni lava. Kama miaka milioni 15 au 16 iliyopita, lava ya basalti ilitiririka kutoka kaskazini mashariki ikifuata mabonde ya mito ya wakati huo, ikaganda humo. Kingo za mabonde zilikuwa laini, zikamomonyoka. Sakafu ngumu ikabaki. Yaani unapotembea juu ya meza ile unatembea kwenye kilichokuwa bonde, dunia imepinduliwa kama chapati.

Kwa mbali pale juu panafanana na uwanja wa mpira. Baada ya mita mia mbili kifundo cha mguu kinakueleza vingine. Nyasi zimeficha mawe ya ukubwa wa papai, kati ya mawe kuna maji, na kati ya maji kuna matope yenye alama za kwato. Ukiongeza safari ya kwenda kutazama maporomoko ya Phantom Falls, utashuka na kupanda vijito kadhaa. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 6 au 7 kutegemea ulivyozunguka. Si mbali, lakini usipange kwa mwendo wa barabarani. Na kuna jambo ambalo watu hawalitarajii: juu ya meza ni rahisi kupotea. Hakuna juu wala chini ya kukuongoza, kila kundi la mawe linafanana na jingine, na gari lako linapotea nyuma ya mwinuko mdogo usioudhania. Weka alama ya maegesho kwenye simu kabla hujaondoka.

Carrizo Plain ni habari nyingine kabisa. Sakafu ya bonde ni tambarare, ila maua yanayokufanya ushike kichwa yako kwenye miteremko ya Temblor Range upande wa kaskazini mashariki. *Temblor* kwa Kihispania ni tetemeko, na jina halikutolewa bure: ufa wa San Andreas unapita chini ya miguu ya milima hiyo. Mahali paitwapo Wallace Creek, kijito kinashuka kutoka milimani, kikifika kwenye ufa kinakata kona, kinafuata ufa kwa takriban mita 130, ndipo kinaendelea na safari yake. Kijito hakikupenda kona. Ni ardhi iliyosogea, kwa wastani wa kama milimita 34 kwa mwaka, kikavutwa nayo.

Kupanda mgongo pale ni kuchagua tuta moja linaloshuka kutoka juu na kulifuata. Udongo ni laini, mteremko mkali, na panya wakubwa wa jangwani wanaoruka kama kangaruu wamechimba mashimo kila mahali. Unakanyaga, ardhi inazama mpaka kwenye kamba za kiatu. Upande mzuri ni kwamba wakati wa kupanda hupotei, maana matuta yote yanakutana juu. Tatizo ni kushuka. Matuta yanaachana, na ukikosea kidogo pale juu unajikuta kwenye bonde dogo ambalo si lako, gari likiwa nyuma ya tuta la pili.

Hapo sijasema kuhusu mvua. Udongo wa Carrizo ukilowa unageuka gundi. Kuna mwaka nilifika asubuhi baada ya usiku wa mvua nikasema nitatembea tu. Hatua ishirini, kila kiatu kimekuwa tofali. Nilikaa kwenye buti la gari nikikwangua soli kwa kijiti kwa nusu saa, kisha nikarudi nyumbani.

Santa Rosa Plateau nayo ina milima meza yenye vifuniko vya basalti (Mesa de Colorado, Mesa de Burro na Mesa de la Punta), lakini unaipanda kwa njia iliyotengenezwa, polepole, katikati ya nyasi na mialoni ya Engelmann yenye matawi yaliyojipinda. Mzee wa miaka sabini mwenye magoti ya kawaida ataimudu. Hakuna zaidi la kusema kuhusu ardhi ya huko, na kwa watu wengine hiyo ndiyo sifa kuu.

Maua na wakati wake

Kote kutatu kanuni ya msingi ni moja: mvua ya kipupwe ndiyo inayoamua. Mbegu za baadhi ya maua haya zina kemikali inayozizuia kuota. Inahitaji mvua ya kulowesha kweli kweli kuiosha, si manyunyu. Kisha mvua iendelee kwa vipindi, joto lisipande mapema, na upepo mkavu usije ukakausha kila kitu ndani ya siku tatu. Ukame uliotangulia nao husaidia kwa namna ya ajabu, kwa sababu unaua nyasi za kigeni ambazo zingefunika mbegu. Ndiyo maana mwaka mzuri haufanani na mwaka mwingine mzuri.

Carrizo ni kamari. Mwaka 2017, 2019 na 2023 milima ilipakwa rangi kuanzia chini hadi juu: njano ya deizi za mlimani, zambarau ya faselia, na mabaka ya rangi ya machungwa. Watu walidhani picha zimechezewa kwenye kompyuta. Mwaka mkavu, milima hiyo hiyo ni ya rangi ya mkate, na utakuwa umeendesha saa tatu kutoka Los Angeles kuja kuangalia mkate. Kilele kwa kawaida huwa kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, na hakidumu. Lakini kikija, hakuna kati ya haya mengine mawili kinachokaribia ukubwa wake. Unasimama mgongoni, kila upande rangi, na upepo unaifanya itembee.

North Table Mountain ina uhakika zaidi, kwa sababu pale kaskazini mvua ni nyingi kuliko kwenye bonde la Carrizo. Kuanzia mwisho wa Februari mpaka Aprili kuna kitu kinachochanua, na wiki za mwisho za Machi ndizo nzuri zaidi miaka mingi. Ila ni maua ya kuinama. Udongo juu ya basalti ni mwembamba, pengine kina cha kidole, hivyo mimea ni mifupi mno. Piga magoti karibu na kidimbwi kinachokauka utaona kitu cha kustaajabisha: maua yamejipanga kwa pete. Maji hayapenyi kwenye mwamba, yanaondoka kwa kukauka tu, na kila aina ya ua inachanua pale unyevu ulipofikia kiwango chake. Pete ya nje imeshafifia, ya kati ni njano kali, ya ndani ndiyo kwanza inafungua, na katikati maji bado yapo na vyura wanapiga kelele. Wiki ijayo pete zote zitakuwa zimesogea ndani. Baadaye, Aprili, kwenye mawe matupu hutokea ua la rangi ya waridi liitwalo bitterroot, kubwa kuliko mmea wake, kana kwamba mtu amelidondosha pale.

Santa Rosa Plateau nayo ina pete hizo hizo, na kidimbwi cha juu ya Mesa de Colorado ni miongoni mwa vikubwa vya aina yake California. Mwaka wa mvua kinafanana na ziwa. Njia ya mbao inakupeleka juu ya maji, na ukilala kifudifudi ukachungulia utaona uduvi wadogo wanaogelea chali. Mayai yao hukaa kwenye tope kavu kwa miaka yakisubiri mvua, na aina mojawapo ilipewa jina la kisayansi kutokana na mahali hapa. Maua yenyewe hayakuvamii, yanakuja kwa mabaka kuanzia Machi hadi Mei. Anayetaka mlima mzima uwe njano atasikitika. Anayependa kutambua aina moja moja atachelewa kurudi nyumbani.

Uhuru wa kuacha njia

Hapa ndipo watu wengi wanapoamua bila kujua.

Santa Rosa Plateau jibu ni fupi: usiache njia, basi. Kuna njia za kutosha kwa siku nzima na unaweza kuziunganisha mizunguko mirefu, lakini kile kiu cha kwenda popote macho yanapoelekea hakitakatwa.

North Table Mountain kwa miaka mingi imekuwa mahali pa kutembea huria: unafika, unavuka geti, unaelekea unakotaka. Ukikuta mabango ya njia, yafuate. Kwingine unatembea na ramani kichwani. Ng'ombe nao wapo, wameletwa makusudi, kwa sababu wanakula nyasi za kigeni ambazo zingeyanyima maua mwanga. Wapishe, hasa mwenye ndama. Ukikutana na seng'enge, huo ndio mwisho; ng'ambo ni ardhi ya watu. Faida ya pale, na ndiyo sababu napapenda, ni kwamba mwamba umejaa. Ukiwa na subira unaweza kutembea saa nzima ukiruka jiwe hadi jiwe na kugusa maua machache sana.

Carrizo inaruhusu kutembea bila njia sehemu kubwa, isipokuwa maeneo yaliyofungwa kama Painted Rock, mwamba wenye michoro ya kale ambao ni mtakatifu kwa Wachumash, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na ambao majira ya maua hauingii bila mwongozaji. Lakini uhuru huo una mtihani. Mteremko ukiwa umechanua kweli hakuna mwamba wa kukanyaga, ni ua juu ya ua. Mimi hupanda kwa kufuata mapito ya wanyama au mikondo mikavu ya maji, hata kama inazunguka. Nikikosa, naishia chini na kutazama.

Si maneno ya kujifanya mtakatifu. Machi 2019, kwenye miteremko ya popi nje ya Lake Elsinore, si mbali na Santa Rosa Plateau, watu walifurika kwa makumi ya maelfu, wakalala juu ya maua kupiga picha, barabara kuu ikaziba, mji ukalazimika kufunga njia. Mwaka 2023 maua yalipochanua tena, korongo lile la Walker lenye miteremko hiyo lilifungwa tangu mwanzo. Ua la mwaka likipondwa kabla ya kutoa mbegu, limekwenda na la mwakani.

Jua, maji na vinavyouma

Carrizo ndiyo ngumu. Hakuna maji ya kunywa, hakuna kivuli, na mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Lita nne za maji kwa kichwa kwa siku nzima si woga. Udongo wa maeneo yale una kuvu ambaye vumbi lake likivutwa linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu, kwa hiyo siku ya upepo na vumbi, hasa kama kifua chako kina historia, baki ndani ya gari.

North Table Mountain ina maji mengi ya kutazama, lakini ng'ombe wameyapitia, beba yako. Hatari yake kubwa ni ukingo. Basalti hukatika wima, na mwamba wa juu ya Phantom Falls, ambako maji huanguka takriban mita 50, huwa na utelezi. Kwenye makorongo kuna mwaloni-sumu, mmea wa majani matatu matatu unaofanya kazi ya upupu, tofauti ni kwamba muwasho wake huja kesho yake. Santa Rosa unao pia, pembeni ya njia zenye kivuli.

Nyoka wenye kayamba mkiani wapo kote, na joto likipanda hutoka kuota jua. Angalia unapoweka mkono. Kupe wapo kwenye nyasi ndefu. Kinachokusumbua zaidi kwa kweli ni mbegu. Kuna kitu kama kishonanguo kule, mbegu yenye mkia uliojisokota kama parafujo. Ikipata unyevu mkia unajisokotoa na kuizungusha ardhini. Ardhi ikikosekana, soksi yako inatosha. Vaa suruali ndefu ya kitambaa laini, uache soksi za sufu.

Kufika, kulala na kulipa

North Table Mountain iko kama kilomita 110 kaskazini mwa Sacramento ukihesabu mpaka Oroville, kisha unapanda kidogo. Kila mwenye miaka 16 na zaidi anatakiwa awe na kibali cha ardhi za idara ya wanyamapori ya jimbo, au leseni ya uvuvi au uwindaji, na kibali kinanunuliwa kabla, mtandaoni. Maegesho ni madogo, Jumamosi saa nne asubuhi yamejaa. Huruhusiwi kulala, wala kuja na mbwa.

Carrizo haina malipo ya kuingia, ina kambi sahili za kulala bila maji ya bomba, na hakuna kituo cha mafuta ndani. Jaza tangi Taft au Santa Margarita. Barabara nyingi ni za udongo, na mvua inazifunga hata kwa gari kubwa.

Santa Rosa Plateau ni rahisi kuliko zote: lami, kama saa moja na nusu kutoka Los Angeles barabara ikiwa wazi, kiingilio kidogo, vyoo, jioni kila mtu anaondoka. Mbwa hapana.

Kwa hali yako

Kama una siku moja tu, watoto, au mzee unayemheshimu magoti yake, nenda Santa Rosa Plateau, kidimbwi kikiwa bado na maji. Mbebe mtoto achungulie uduvi. Atasahau kabisa kwamba mlikuja kuona maua.

Kama hujawahi kutembea bila njia na unataka kujaribu, North Table Mountain ni shule nzuri: umbali ni mfupi, makosa yake si ghali ukikaa mbali na kingo, na mwamba unakufundisha kuweka mguu. Nenda katikati ya juma. Kama una mbwa asiyebaki nyumbani, hapo pamefutika, na Santa Rosa pia. Inabaki Carrizo, naye awe kwenye kamba.

Kama una siku tatu, gari lililo imara, matangi ya maji na moyo wa kukubali kukosa, subiri Carrizo. Usipange tarehe Januari. Fuatilia mvua, na ikifika katikati ya Machi picha za siku ile ile zikianza kuonesha njano kwenye Temblor, ondoka wiki hiyo, si ijayo. Kukiwa na wingu la mvua juu ya bonde siku ya kuondoka, badilisha safari uelekee kaskazini kwenye basalti, ambako mvua haikushiki mguu.

Kama mwaka umekuwa mkavu, Carrizo iache kabisa. Milima meza miwili itakuwa na kitu, kidogo na chini karibu na mawe, na utahitaji kupiga magoti kukiona.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, jiulize umepanga kuvaa viatu gani. Raba nyepesi ni za Santa Rosa. Buti za kushika kifundo ni za North Table Mountain. Za Carrizo ni buti hizo hizo, pamoja na kijiti cha kukwangulia soli.